Halua ya Mzee Msellem

Katika nyumba ya wazee ya Al Qusais, Dubai, alikofanya kazi Aidarus, hapakuwa na wagonjwa. Palikuwa na wageni. Madam Reem, meneja, alilipiga marufuku neno mgonjwa siku aliyoshika kiti, na kuanzia hapo aliyepooza akawa mgeni, aliyesahau jina la mkewe akawa mgeni, na bwana mmoja aliyekuwa na tabia ya kuuma wahudumu akawa mgeni mwenye mahitaji maalumu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale mgeni alipewa kitanda cha umeme, kengele ya kuitia watu na picha ya waridi ukutani, akakaa mpaka siku ya kuondoka. Na kuondoka kwenyewe kulikuwa kwa lifti ya nyuma, ile ya nguo chafu, ili wageni wengine wasipoteze hamu ya chakula.

Aidarus alikuwa mtu wa Lamu, anayekaribia hamsini, sharifu wa ukoo unaojulikana. Babu yake akipita njiani watoto walikimbilia kumbusu mkono. Mkono wa mjukuu ulikuwa ndani ya glavu tangu alfajiri hadi alasiri. Alikuja Dubai kwa biashara, kama wengi: ananunua mablanketi na viatu vya watoto soko la Naif, anapakia, anapeleka Mombasa. Biashara ile ilikufa kifo cha kawaida, bila hila ya mtu, na mwenyewe akaona haya kurudi kwao na maiti yake. Akasikia kuna kazi ya kutunza wazee. Akasomea, akapewa cheti, akaanza kuogesha watu. Mama yake hakuambiwa. Kwa mama yake Aidarus bado alikuwa mtu wa mizigo, na ukitazama vizuri hakumdanganya sana, maana kazi yake kubwa ilikuwa kunyanyua, kugeuza, na kushusha polepole kitu kisichotakiwa kuvunjika.

Mama mwenyewe alikuwa na presha. Kila Ijumaa Aidarus alipopiga simu, dada yake Mawadda alimpa habari ileile: mama hajambo, daktari kamkataza chumvi, na nyumba nzima inatukanwa kwa ajili ya chumvi.

Katika wageni wote, aliyemzoea zaidi alikuwa Mzee Msellem. Huyu alizaliwa Unguja, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi, akafika Dubai wakati mji bado una vumbi la kutosha kila mtu. Alifanya kazi forodhani mpaka akastaafu, akifungua masanduku ya watu na kuyafunga. Mkewe alipofariki, mwanawe Hazim, injinia wa viyoyozi, alimweka pale kwa mapenzi yote na kuja kumtazama kila jioni. Mzee alikuwa na mdomo. Aidarus alimwita Ami, na Mzee alimwita Sharifu, kwa heshima ambayo ilikuwa na meno ndani yake.

"Sharifu," alimwambia siku moja bafuni, akiwa ameshikilia vyuma vya ukutani, "babu zako walikuwa wakifuatwa kuombwa dua. Wewe umefikia kuosha makalio ya Mmanga."

"Ndizo baraka zenyewe, Ami. Kila mtu ana mahali pake pa kuzipokelea."

Mzee alicheka hadi akakohoa, na maji yakaingia machoni, na tangu siku ile hakutaka kuogeshwa na mtu mwingine.

Kitu kimoja tu kiligombanisha nyumba na Mzee Msellem, nacho kilikuwa halua. Alikuwa na sukari. Kwa miaka mingi kidole chake kilichomwa asubuhi na jioni, chai yake haikutiwa sukari, na halua, ambayo kwao ndiyo harusi, ndiyo Idi, ndiyo kahawa ya alasiri, aliiona kwa macho ya wengine tu. Hazim alipoleta sinia ya halua kwa wafanyakazi siku ya Idi, walikwenda kuila stoo, mlango umefungwa.

"Naisikia harufu!" Mzee alipiga kelele kutoka chumbani. "Zaafarani na marashi! Mnafikiri sukari imeniingia puani?"

Basi mwaka huu, baada ya Ramadhani, Mzee akaanza kuwa manjano. Macho kwanza, kisha viganja. Akapelekwa hospitali, akalazwa, akapigwa picha za kila namna, akarudishwa. Ilikuwa saratani, imetoka kwenye kongosho na imeshahamia kwenye ini na kujenga.

Hazim akaitwa ofisini kwa Madam Reem. Sista Irene, muuguzi wa Kisumu aliyesimamia ghorofa ile, alikuwepo. Aidarus naye aliitwa, akasimama karibu na mlango kama mtu aliyeletwa kushuhudia ndoa ya watu asiowajua.

Sista Irene akaeleza. Hospitali imemaliza yake. Kinachobaki kinaitwa hospisi: timu itakuja hapahapa, Mzee atabaki kitandani kwake, dawa za kuponya zitaachwa na dawa za maumivu zitaongezwa. "Hatupigani na ugonjwa tena, sir," alisema. "Tunahakikisha haumii. Ni hiyo tu."

"Sawa," alisema Hazim. "Nitasaini. Lakini Baba asijue."

"Asijue nini, sir?"

"Asijue chochote. Mwambieni ini limechoka, linapumzishwa. Khalas."

"Na yeye mwenyewe akiuliza?"

"Hatauliza."

"Mgonjwa huuliza," alisema Sista Irene, na Madam Reem akakohoa kidogo kwa sababu ya lile neno.

Hazim akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye macho mekundu tangu asubuhi. "Mkimwambia atakata tamaa, atakufa siku hiyohiyo. Basi mtakuwa mmemuua nyinyi."

Hazim hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto mwema, na watoto wema huwezi kubishana nao, kwa sababu wanalia. Kwao ndivyo ilivyokuwa siku zote: mgonjwa anafichwa ugonjwa, msafiri anafichwa msiba, na wanaoficha wanaona wamebeba mzigo wa mwenzao. Madam Reem akaahidi. Sista Irene akaahidi huku anatazama dirishani. Aidarus akatikisa kichwa. Katika mji ule alikuwa ametikisa kichwa mbele ya watu wengi, na hiki hakikuwa kitikiso kizito kuliko vingine.

Walipotoka Sista Irene akamshika mkono kwenye korido. "Aidarus, sukari yake hatupimi tena. Kidole kiacheni. Na chakula, ale anachotaka. Mtoto wake amekubali, amesaini. Haina haja tena kumnyima mzee wa watu."

Hapo ndipo Aidarus alipofanya kosa. Aliposikia ale anachotaka, hakusikia kingine. Siku yake ya mapumziko ilipofika alikwenda Naif, kwa mtengenezaji halua wa Kiomani aliyekuwa akikoroga sufuria yake mbele ya watu, akangoja mpya itoke motoni, akachagua ile nyeusi yenye lozi nyingi. Alirudi nayo mapajani, bado ina joto, na furaha ya mtu anayempelekea mwenzake habari njema. Akaipakua kwenye sahani ya kaure. Akapika kahawa, tangawizi na iliki, akaimimina kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Akaingia.

"Bismillahi, Ami. Leo ni siku yako."

Mzee Msellem aliitazama sahani. Akamtazama Aidarus. Akachovya vidole vitatu, kama inavyotakiwa, akakata pande, akafumba macho, akala. Akala la pili. Alitafuna polepole mno, na Aidarus akadhani ni utamu.

"Kidole changu hakijachomwa siku kadhaa," Mzee alisema, macho bado yamefumbwa.

"Sista amekipumzisha."

"Na hii? Hii nayo amenipumzishia nini?"

Aidarus alikisogeza kikombe karibu na sahani.

"Sharifu, mimi nimekaa forodhani ujana wangu wote. Mzigo ukipitishwa bila kufunguliwa, mambo ni mawili. Ama mwenyewe ni mtu mkubwa, ama shehena imeshaoza na inakwenda kutupwa." Akafungua macho. "Na mimi mtu mkubwa sijapata kuwa."

"Ini limechoka, Ami."

"Litapumzika?"

"Inshallah."

"Lini?"

Nje, kwenye korido, kigari cha chakula kilipita na sahani zake. Aidarus alikuwa amekaa miaka kati ya wazee na alijua namna nyingi za kudanganya kwa upole, lakini zote zilihitaji kuanza na neno, na neno halikuja.

"Haya," alisema Mzee. "Mimina kahawa. Halua bila kahawa ni adhabu."

Wakanywa. Baada ya kikombe cha pili Mzee akasema, "Hazim asijue kwamba najua."

"Kwa nini, Ami? Mngelia pamoja, mkamaliza."

"Huyu alipokuwa mdogo akivunja kitu anakificha nyuma ya pazia la sebule. Mimi nilikuwa napita pale mchana kutwa, naona mguu wa kikombe, naona kipande cha sahani. Sijalifungua pazia hata siku moja. Sasa nije nimfungulie leo?"

Ikawa hivyo. Hazim akimficha baba, baba akimficha Hazim, Madam Reem akiwaficha wageni wengine, na Aidarus akiwaficha wote, wakifichana kitu kimoja katika chumba kimoja chenye dirisha moja. Jioni Hazim alipokuja aliona sahani ya halua na akafurahi sana. "Umeona, Baba? Hata sukari imeshuka!"

"Imeshuka," alisema Mzee. "Mimi mwenyewe nilishangaa."

Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa likimla Mzee Msellem, mbali na lile la kongosho. Alimweleza Aidarus mchana mmoja wakati akinyolewa ndevu, maana mtu mwenye wembe shingoni husema kweli upesi.

Alikuwa na ndugu yake, Marhun, baba mmoja mama mmoja, anakaa Bur Dubai, ng'ambo tu ya Khor, ule mkono wa bahari unaokata mji. Zamani Marhun alikuwa akifanya kazi Kuwait, na mama yao alikuwa akiishi hapa kwa Msellem. Mama akaugua, akawa wa kufa. Marhun akapiga simu: mama vipi? Msellem akamjibu, "Hajambo, homa kidogo tu. Maliza kazi zako, uje Idi." Aliona asimtie mwenzake wasiwasi ugenini. Marhun moyo ukamkataa, akapanda ndege, akafika na chupa ya dawa ya homa mkononi. Aliwakuta wamekaa matangani.

"Hakunitukana," alisema Mzee. "Aliiweka ile chupa mezani, akakaa matanga mpaka mwisho, akaondoka. Baadaye akahamia hapahapa Dubai. Tukikutana msibani tunapeana mkono. Lakini hajaniwia radhi, Sharifu. Hakupata kuagana na mama, na mimi ndiye niliyemzuia. Sasa nitakwenda kumwambia nini Mama, mwenye mtoto wake?"

"Tumwite, Ami."

"Tumwite kwa kisa gani? Mimi mzima, ini langu limepumzika."

Wembe ukazunguka kidevu. Uso wa Mzee, manjano vile ulivyokuwa, ukapata ujanja wa zamani.

"Nitakwenda umra," alisema.

Kwa watu wa pwani, anayetaka kwenda Makka huanza kwa kuzunguka mitaani. Huwaendea jamaa, majirani na wagomvi wake, au huwaita waje, na kila mmoja humwambia: niwie radhi. Na anayeombwa hutakiwa asikatae, kwa sababu msafiri yule huenda kwa nia ya kutorudi, hata kama amekata tiketi ya kurudi. Ndiyo njia pekee ambayo mtu mzima wa afya anaweza kusema maneno ya mtu anayekufa, na watu wakamletea bajia.

Jioni ile Hazim akaambiwa.

"Umra, Baba?" Hazim alimtazama Sista Irene. Sista Irene alikuwa amevutiwa ghafla na mashine ya kupimia presha.

"Si ulisema ini linapumzika?"

"Linapumzika, Baba."

"Basi likiamka linikute niko tayari."

"Inshallah. Ukipata nguvu tu..."

"Msafiri hajitayarishi siku ya safari, mwanangu. Ninunulie nguo za ihramu. Na niitie watu niwaage."

Hazim alikuwa amejijengea uongo mzuri, na sasa akajikuta yumo ndani yake na mlango uko upande wa baba. Angekataa angelazimika kusema kwa nini. Kesho yake alileta shuka mbili nyeupe za ihramu, za pamba nzito, akaziweka kwenye kiti karibu na kitanda. Alikwenda nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

Wakaja. Wazee wa forodhani kwa mikongojo yao, mabibi wa Kiunguja kwa mabuibui na udi, majirani wa zamani kutoka Deira. Waliingia, wakaona ule uso wa manjano na ile mikono, na kila mmoja akaelewa kabla hajakaa. Hakuna aliyesema. Watu wale wana adabu: hata uongo huupokea kwa mikono miwili.

"Utuletee zamzam, Msellem."

"Nitaleta. Niwieni radhi."

"Tumekuwia. Na wewe utuwie."

Bibi mmoja alimwomba amwombee mtoto wake apate mume. Wa pili akasema apate mume asiyekuwa kama wa kwanza. Walicheka. Walipofika kwenye lifti walilia, na Madam Reem akawaomba kwa heshima walilie chini.

Marhun hakuja. Hazim alimpigia simu, na jibu lilikuwa fupi: "Aende salama, arudi salama."

Mzee alianza kulala zaidi. Timu ya hospisi ilikuja, ikaongeza mofini, ikaondoka kwa viatu visivyo na sauti. Halua sasa alikuwa akiilamba tu, kidole kimoja, lakini aliitaka iwepo. Kila alasiri aliuliza nani amekuja, na kila alasiri Aidarus alitaja majina yote isipokuwa moja. Sista Irene akamvuta kando. "Kama kuna mtu wa kumwona, aje sasa. Si next week. Sasa."

Aidarus akamwambia Mzee, "Niruhusu nimwendee."

"Nenda. Mwambie nasafiri. Basi."

"Nimwambie unasafiri tu?"

"Nataka aje kwa radhi, si kwa huruma. Ukiongeza neno, Sharifu, sikuwii radhi wewe."

Akaenda kwa metro hadi Bur Dubai. Alimkuta Marhun amekaa kiti cha plastiki chini ya jengo lake, nje ya duka la vitambaa, na wazee wawili wa Kihindi waliokuwa wakisoma gazeti kwa zamu. Alikuwa Msellem yuleyule, ila mwembamba na bila utani. Aidarus alimwamkia, akajitambulisha: anamhudumia kaka yake.

"Wa wapi wewe?"

"Lamu."

"Lamu. Wamekutoa kwenye punda wakakupa wazee." Alimsogezea kiti. "Kaa."

"Ami, Mzee Msellem amenituma. Anasafiri, anataka radhi yako."

"Hazim ameshaniambia."

"Anakungoja."

"Kaka yangu amekwenda umra mara tatu. Mara zote tatu alinitumia mtu, na mara zote tatu nilisema aende salama. Akarudi salama. Kuna haraka gani leo?" Alizungusha kikombe chake cha kahawa. "Akirudi, aje mwenyewe na miguu yake, aniletee zamzam, akae hapo ulipokaa. Nitamsikiliza."

Aidarus alitazama mikono yake. Alikuwa amemwahidi Hazim mbele ya meneja, na amemwahidi Mzee mbele ya Mungu. Ndugu mmoja alikuwa anakufa, na mwingine alikuwa anaambiwa kwa mara ya pili katika maisha yake kwamba mambo si mabaya, ajipe muda. Homa kidogo. Umra kidogo.

Marhun, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akamsogezea kisahani. Kilikuwa na halua.

"Kula, baba."

"Ahsante, Ami, nimeshiba. Kule kwetu ipo kila siku. Mzee anakula asubuhi na jioni."

Mpaka leo Aidarus hajui kama neno lile lilimponyoka au alilisukuma. Marhun alikuwa ameinua kikombe. Kikabaki hewani.

"Nani anakula halua?"

"Mzee Msellem."

"Msellem ana sukari."

"Ndiyo, Ami."

"Na daktari amesema?"

"Amesema ale anachotaka."

Marhun akaweka kikombe chini, taratibu, kama kinaweza kulipuka. Wale wazee wa Kihindi waliacha gazeti. Alisimama, akapanda juu, akarudi amevaa kanzu safi na kofia, ameshika fimbo.

"Simamisha teksi," alisema. "Mimi metro siiamini, inasimama kila mahali."

Njiani aliishika fimbo kwa mikono miwili. Walipovuka daraja alisema tu, "Mara hii nitamkuta?" na Aidarus akajibu kwamba alipomwacha asubuhi alikuwa akipumua na kutukana. Marhun akaitikia kwa kichwa na kuendelea kutazama mbele.

Walimkuta. Alikuwa amelala kwa mito mitatu, mdogo kuliko asubuhi. Hazim alikuwa amekaa pembeni. Alipomwona ami yake mlangoni alisimama haraka, akambusu mkono, na akaanza kusema kwa sauti ya furaha isiyofaa, "Ami Marhun! Umemjia Baba kumuaga, anakwenda umra, inshallah wiki chache tu, akipata nguvu..."

Marhun alimpita, akakaa kitandani, pale pale penye miguu ya kaka yake. Akaziona shuka nyeupe kitini. Akaiona sahani.

"Nasikia unasafiri," alisema.

"Nasafiri," alisema Mzee Msellem. Sauti ilikuwa ya karatasi.

"Na nani?"

"Peke yangu. Hawakubali wawili."

"Mzigo umefunga?"

"Mzigo ni ule wa kwako tu, Marhun. Umenishinda kubeba."

Kiyoyozi kiliguna. Hazim alitazama mmoja, akatazama mwingine, mdomo wazi.

Marhun alichukua mkono wa kaka yake, ule wa manjano, akaufunika kwa mikono yake miwili.

"Ukifika," alisema, "msalimie Mama. Mwambie nilikuwa njiani."

Mzee Msellem alifumba macho. Machozi yalitoka hivyohivyo, bila kelele, yakaelekea masikioni.

"Nitamwambia," alisema. "Na nitamwambia nani alikuchelewesha."

"Nimekuwia radhi. Duniani na akhera. Nenda."

Hazim alikuwa amefika dirishani. Alijiingiza nyuma ya pazia kama mtu anayetazama magari barabarani, na pazia likaanza kutikisika. Mwili wake ulikuwa mkubwa, pazia lilikuwa fupi, viatu vilionekana. Mzee alifungua macho, akaviona vile viatu, akavitazama kwa muda mrefu. Kisha akageuzia uso upande wa Marhun. Hakuna aliyelifungua pazia.

Mzee Msellem alifariki keshokutwa yake, asubuhi, jua limeshapanda, Marhun na Hazim wako pande mbili za kitanda. Hakutamka kitu cha kukumbukwa. Neno lake la mwisho lilikuwa kumwambia Aidarus asimbane bega. Zile shuka za ihramu zikawa sanda. Marhun alikataa lifti ya nyuma. Alisema kaka yake aliingia kwa mlango wa mbele, na Madam Reem, kwa mara ya kwanza, hakuwa na neno la kubadilisha, na mgeni akatolewa mbele ya wageni wenzake waliokuwa wakinywa chai. Waliacha vikombe. Yule bwana wa kuuma alisimama peke yake, bila msaada, mpaka jeneza likapita.

Baada ya kuzika, kwenye makaburi ya Al Qusais, Hazim alimngoja Aidarus karibu na geti.

"Alijua tangu lini?"

"Tangu siku ya halua, sir."

"Nani alimwambia?"

"Hakuna aliyemwambia. Alikula."

Hazim alifikiri. Mchanga ulikuwa kwenye viatu vyake vizuri. "Mimi ndiye niliyesaini ale," alisema. Kisha akasema, "Siku zote zile alikaa na mimi, anajua, tukizungumza habari za hoteli za Makka." Alijaribu kucheka, ikamshinda. Alimkumbatia Aidarus kwa nguvu, akaondoka bila kuaga.

Chumba kilipigwa rangi. Picha ya waridi ilibaki.

Ijumaa ilipofika Aidarus alikaa ukingoni mwa kitanda chake, katika chumba anachokaa pamoja na wenzake, akapiga simu Lamu. Mawadda alipokea.

"Mama hajambo," alisema upesi, kama kawaida. "Homa kidogo tu wiki hii, lakini hajambo."

Aidarus aliinuka kitandani.

"Mawadda. Anakula nini?"

"Anakula nini vipi?"

"Leo mchana. Mmempa nini?"

"Wali na samaki wa kuchemsha. Bila chumvi. Kasusa, kasema tumemgeuza kuku wa kisasa, kamrushia kijiko mwenye kumlisha. Kwa nini?"

Aidarus aliibana simu sikioni. Alisikia nyuma ya simu, mbali, sauti ya mama yake ikidai chumvi yake kwa jina la Mungu na mitume wote.

"Alhamdulillahi," alisema. "Mnyimeni."